Tryphena Wakesho na Gari Lisilo na Miguu

Wazungu wawili waliokuwa wakitafuta madini katika vilima vya Kishushe walifunga kambi yao mwaka wa sabini na nne, mikono mitupu. Walikuwa na Land Rover mbili. Ile mpya ilikuwa imechanwachanwa matairi na mawe na miiba, basi wakaivua ile ya zamani magurudumu yake yote, wakaivalisha mpya, wakaondoka. Ile ya zamani waliiacha imekalia mawe manne, wakamwachia mpishi wao iwe zawadi ya kwaheri, pamoja na karatasi zake na sufuria mbili kubwa.

Mpishi huyo alikuwa Tryphena Wakesho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa juu Mbololo akaolewa chini Kishushe na Obadiah Mwakio, fundi wa seng'enge za ranchi. Tryphena hakuweza kutofautisha jiwe la thamani na jiwe la kusugulia miguu, lakini gari alilijua. Dereva wa kambi alikuwa amegombana na wenyewe akaenda zake, na maji ya kupikia yalitoka kisima cha mbali. Tryphena aliona mambo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja: yeye awe mpishi, na maji yawe hayapo. Akaomba afundishwe. Wazungu wakacheka, wakamfundisha, na baada ya kuangusha hema moja akawa dereva. Leseni aliifuata Voi. Mtahini alimwambia arudi nyuma kati ya mapipa, na Tryphena alipomaliza alimuuliza kwa heshima kama angependa arudie, kwa sababu alikuwa amemwona mtahini huyo amefumba macho.

Basi sasa alikuwa na gari, na gari halikuwa na miguu. Sisi majirani tulisema Wazungu wamemfanyia mzaha. Kuku walihamia chini yake siku ile ile, na kwa muda mrefu faida pekee ya Land Rover ilikuwa mayai.

Tryphena hakuliona gari lile kuwa mzaha. Kila Alhamisi, siku ya soko, aliona wanawake wakitoka Kishushe na mbaazi na asali kichwani, wakisubiri lori ambalo lilikuja likipenda na lisipopenda halikuja. Injini ya Land Rover alikuwa akiiwasha kila Jumapili baada ya kanisa, ikinguruma pale pale juu ya mawe.

"Inakula mafuta bila kwenda mahali," alisema Obadiah.

"Hata wewe, Baba Mkawasi, kuna Jumapili za hivyo," alijibu mkewe.

Mkawasi alikuwa binti yao mkubwa, aliyekwisha kuolewa Mwatate.

Obadiah alimpenda mkewe na hakutaka achekwe. Siku moja alikuja kutoka ranchi akiwa na punda wawili, kila punda amebebeshwa magurudumu mawili. Yalikuwa ya trela iliyozeeka, na meneja wa ranchi alimruhusu ayachukue. Obadiah aliyashusha kwa fahari, akayapanga kando ya gari, majirani tukakusanyika. Tryphena aliinama kwenye ekseli, akatazama, kisha akatazama lile gurudumu.

"Gari lina misumari mitano ya nati," alisema. "Hii rimu ina matundu sita."

Obadiah alifikiri kidogo. "Basi ni nzuri zaidi. Tunaongeza nati moja."

"Tutaiongezea wapi? Hewani?"

Magurudumu yale yakawa viti. Yapo hata leo mbele ya nyumba ile, na ukikaa juu yake unaona ni viti vizuri sana.

Tryphena alipanda lori kwenda Voi kumwona Musyimi. Huyu alikuwa Mkamba wa Kibwezi aliyeziba pancha kando ya soko, chini ya kibanda cha mabati, amezungukwa na matairi makuukuu. Musyimi alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, na yote aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeapishwa.

"Mama, kwanza uelewe namba," alisema, akisugua ubavu wa tairi kwa kitambaa mpaka maandishi yakaonekana. "Hapa imeandikwa sita kwa kumi na sita. Sita ni unene wa tairi, inchi sita. Kumi na sita ni rimu inayoingia. Gari lako ni la kumi na sita. Hapo huna uchaguzi. Unene ndio uchaguzi. Kuna sita, kuna saba na nusu, kuna tisa."

"Lilikuwa na ipi?"

"Hiyo waulize Wazungu wako."

Hawakuwapo wa kuulizwa. Musyimi alijua mahali Land Rover moja ilipofia karibu na reli, na rimu zake za matundu matano bado zilikuwa nzima. Matairi aliyokuwa nayo yalikuwa mawili ya sita na mawili ya saba na nusu. Tryphena aliuliza kama hiyo si shida.

"Shida gani? Madogo mbele, makubwa nyuma. Umewahi kuona trekta?"

Alikuwa amewahi. Basi wakapatana kwa mbuzi na mtungi wa asali, na Musyimi mwenyewe akapanda lori kuja Kishushe kufunga magurudumu, kwa sababu alisema kazi yake huwa haiachi nusu. Kuku walifukuzwa. Jeki ikapandisha, nati zikakazwa, mawe yakaondolewa, na Land Rover ikasimama ardhini kwa miguu yake. Ilikuwa imeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji.

"Imekaa kama inatafuta kitu ilichoangusha," alisema Obadiah.

Safari ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Wanawake walipakia magunia na kujipakia wenyewe juu yake. Mpaka kwenye korongo la mchanga mambo yalikuwa mazuri. Kabla ya kuingia mchangani Tryphena alivuta kile kijiti chenye kichwa chekundu, ili magurudumu yote manne yavute, akavuka polepole, na upande wa pili wanawake wakapiga makofi. Kisha wakafika kwenye ardhi ngumu, na Land Rover ikaanza vituko. Usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu. Gari likaruka, likatulia, likaruka tena, mlio ukatoka chini kama wa mfupa. Tryphena alijaribu kurudisha kijiti kikakataa. Alikivuta kwa mikono miwili, akakisukuma kwa mguu. Mmoja wa wanawake alipendekeza maombi.

Alisimama, akashuka, akalizunguka gari lile. Aliinama mbele akaangalia tairi dogo, akaenda nyuma akaangalia kubwa. Akaokota kijiti cha mti, akapima gurudumu la mbele kutoka ardhini mpaka katikati, akapima la nyuma.

"Haya ya mbele yana hatua fupi," aliwaambia wanawake. "Ya nyuma yana hatua ndefu. Na nimeyafunga pamoja yaende sawa. Mchangani yanateleza, yanasameheana. Hapa pagumu yanavutana."

"Kama mtu na mkewe wakibeba kitanda," alisema mmoja.

Tryphena alirudisha gari nyuma kidogo, ule mvutano ukalegea, kijiti kikatoka chenyewe. Wakaenda Voi kwa magurudumu mawili ya nyuma peke yake, na kila walipokutana na mchanga wanawake walishuka wakasukuma. Walifika sokoni wakati watu wanafunga vibanda. Tryphena alienda moja kwa moja kwa Musyimi.

"Trekta imetengenezwa hivyo kiwandani," alimwambia. "Gari langu halikutengenezwa hivyo. Yote manne lazima yawe sawa."

Mtu mwingine angetahayari. Musyimi alitikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akingoja mteja wake aligundue. "Sasa umeiva, mama," alisema. "Sasa naweza kukuonyesha ile tisa."

Matairi ya tisa yalikuwa manne, yametoka kwenye gari kubwa la mashamba ya mkonge, na yalikuwa na meno kama ya mamba. Musyimi alisema mwenye tairi nene hana adui: mchangani hatazama, mawe hatayasikia, miiba haitafika ndani. Na Tryphena, ambaye alikuwa amesukumwa na kuchekwa kutwa nzima, aliyatazama yale meno, na moyo wake ukaingiwa na tamaa. Huo ndio ukweli. Alikuwa mwanamke wa busara, lakini kila mtu ana kitu kinachompumbaza, na kwake kilikuwa kile.

Land Rover ilipopita Kishushe na matairi ya tisa, watoto walikimbia nayo na mbwa walikimbia kutoka kwayo. Ilikuwa ndefu kwenda juu. Tryphena mfupi alionekana kwa paji la uso tu juu ya mlango. Kwenye korongo la mchanga ilipita kana kwamba ni sakafu ya kanisa. Obadiah alimtengenezea mkewe kigoda cha kupandia, na wanawake wa soko walipandishwa kwa kusukumwa matako, jambo ambalo wazee wa kanisa walilijadili bila kufikia uamuzi. Kulikuwa na kasoro ndogo: usukani ulitaka nguvu za wanaume wawili, na akikata kona kabisa tairi liligusa springi na kulalamika. Lakini barabara ya Kishushe haina kona nyingi, na Tryphena hakutaka kusikia.

Ndipo ikaja harusi ya Ndunge.

Ndunge alikuwa binti wa Kilonzo, mfugaji jirani yetu, na alikuwa anaolewa na Thadeus, mwalimu wa Mbololo. Kilonzo alikuja kwa Tryphena amevaa koti kabisa.

"Mama Mkawasi," alisema, "binti yangu hatakwenda kanisani kwa lori la ng'ombe. Nataka aende kwa gari lako, akae mbele."

Tryphena alikubali mara moja. Angekuwa anapanda kwao Mbololo, mbele ya watu waliomwona akiondoka kwa miguu, sasa anarudi akiwa juu kuliko kila mtu. Aliliosha gari, akalifunga maua. Asubuhi ya harusi Ndunge alipandishwa kwa benchi, kwa sababu kigoda hakikutosha kwa gauni lake, na shangazi zake wakaingia nyuma wakiimba.

Tambarare yote mpaka Voi waliimba. Walipoanza kupanda Mbololo waliendelea kuimba. Walipofika kona ya kwanza wakanyamaza.

Barabara ile ya kupanda Mbololo wakati huo ilikuwa na kona ambazo gari hujiona mkia wake. Tryphena alizungusha usukani kwa nguvu zake zote, tairi likagonga springi, likalia, na gari likakataa kugeuka zaidi. Mbele yake kulikuwa na bonde na mashamba ya watu yakionekana kutoka juu, kama picha. Alisimama. Akarudi nyuma kidogo. Shangazi wakashuka bila kuambiwa, wakatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, kwa sababu breki nazo zilikuwa zimeshindwa kuyashika vizuri yale majitu. Mbele kidogo, jiwe. Nyuma kidogo, jiwe. Mbele tena. Kona ikapita. Shangazi wakapandishwa tena, mmoja mmoja, kwa kusukumana. Wakaenda mwendo wa kumaliza wimbo mmoja, na ikaja kona ya pili.

Kwenye kona ya tatu Ndunge aliuliza kwa upole, "Mama Mkawasi, gari litafika leo?"

"Litafika."

"Na mimi?"

Tryphena alifuta jasho kwa ncha ya leso. Kando ya barabara kulikuwa na njia ya miguu, ile ambayo yeye mwenyewe aliipanda tangu utoto wake akitoka kuteka maji, inayokata kona zote na kutokea nyuma ya kanisa. Ndunge aliitazama njia, akamtazama Tryphena, na Tryphena akaelewa anaombwa ruhusa.

"Vua viatu," alimwambia. "Gauni ulishike juu. Ukifika kwenye mgomba uliopinda ushike kulia."

Ndunge alishuka, akakunja gauni, akapanda kilima kama mbuzi, shangazi wawili wakimfuata wakipumua. Wengine walibaki na Tryphena kwa ajili ya mawe.

Land Rover ilifika kanisani na maua yake yote, ikiwa imebeba keki, sufuria za pilau na shangazi waliochafuka udongo mwekundu mpaka viwikoni. Watu walikuwa wanatoka. Ndunge na Thadeus walikuwa wameshafunga ndoa, na bwana harusi alikuwa akimfuta mke wake vumbi la miguu kwa kitambaa chake cha mfukoni. Tryphena alikaa nyuma ya usukani bila kushuka. Alikuwa ameaibika kiasi kwamba hakuweza hata kutafuta kigoda.

Kilonzo alimjia. Tulidhani atagomba.

"Mama Mkawasi," alisema, "umeleta pilau salama."

Kisha Kilonzo akaanza kucheka, na Thadeus akacheka, na mwishowe Tryphena naye, akiwa juu kule peke yake, akalaza paji la uso kwenye usukani akacheka mpaka honi ikalia. Wakati wa picha waliombwa maharusi wapande garini. Ndunge alikataa. Walipiga picha kando ya gurudumu, na katika picha ile, ambayo familia wanayo bado, tairi linamfikia bi harusi kiunoni.

Kushuka ilikuwa habari nyingine na sitaieleza yote. Inatosha kusema shangazi walitembea.

Jumatatu Tryphena alikuwa kwa Musyimi. Safari hii hakumuuliza kitu. Alikuwa na kile kijiti chake cha kupimia, nacho alikuwa amekikata alama. Alisimamisha kijiti kando ya gari, akaonyesha nafasi kati ya tairi na madigadi, nafasi ya springi, na mahali gurudumu linapogusa likigeuzwa.

"Wewe unasema nene," alimwambia. "Nene inajua mchanga tu. Mimi nina mchanga, nina mawe, nina kilima, na masika nina tope. Ile sita ilinipitisha kona lakini tumbo la gari lilisugua mawe. Tisa haisugui kitu, lakini haigeuki. Nataka saba na nusu, nne, zote zinazolingana."

Musyimi alibishana, kwa sababu hangeweza kuishi bila kubishana. Alisema kwenye mchanga saba na nusu itazama.

"Itazama kama ina upepo mwingi," alisema Tryphena. "Kule kambini tulikuwa tunapunguza upepo kabla ya mchanga, tairi linalala kama mguu wa ngamia, halafu tunajaza tena. Pampu ninayo."

"Ukipunguza sana tairi linatoka kwenye rimu."

"Basi nisipunguze sana. Kiasi gani?"

Hapo Musyimi alitulia, kwa sababu hilo alilijua kweli kweli. Alimwonyesha jinsi ya kubonyeza ubavu wa tairi kwa goti, aone limevimba kiasi gani pale linapokanyaga, na jinsi ya kulisikiliza likigongwa kwa spana: mlio wa ngoma ni upepo mwingi, mlio wa godoro ni hatari. Walishinda hapo wakigonga matairi, wakigombana kuhusu godoro ni lipi. Matairi ya saba na nusu mawili Musyimi alikuwa nayo, yale yale aliyokuwa amelivua gari lake, mengine mawili aliyatafuta kwa fundi mmoja wa Mwatate, na yale ya tisa aliyarudisha na kuyapanga mbele ya kibanda chake, akaanza kuyasifu kwa mteja mwingine kabla Tryphena hajaondoka.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Chini ya mlima, pale udongo unapogeuka mweusi, malori yalikwama moja nyuma ya jingine, madereva wamekaa kwenye magogo wakivuta sigara. Land Rover ya Tryphena ilikuja imejazwa upepo mwingi kidogo, matairi yake membamba yakalikata lile tope la juu kama kisu, yakashika ardhi ngumu iliyokuwa chini, na ikapita katikati yao polepole, bila kelele. Tryphena aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Mmoja wa madereva alimwomba amvute kwa mnyororo, naye akamwambia angependa sana, ila amebeba mayai.

Akaendesha njia ile miaka mingi. Alipeleka mbaazi Voi, alirudisha sukari, walimu, wagonjwa waliopona na wachungaji waliokuja kuhubiri. Obadiah alijifunza kuendesha mara moja tu, akaingia kichakani, na kutoka siku hiyo akasema kazi yake ni kupiga pampu. Aliipiga vizuri. Kwenye korongo la mchanga abiria walikuwa wakishuka kunyoosha miguu wakati yeye anajaza upepo, na kulikuwa na wanawake wawili watatu waliokuwa wakiuza mandazi hapo kwa ajili hiyo.

Magoti ya Tryphena yalianza kukataa klachi karibu mwaka wa themanini na tano. Habari zilizagaa kwamba anauza, na akaja Reuben, mkulima wa ndizi wa Mahoo, kule Taveta. Alilizunguka gari, akalipenda, akasema ataliwekea matairi makubwa zaidi.

"Kwa nini?" aliuliza Tryphena.

"Kwetu kuna tope."

"Tope la namna gani?"

Reuben alieleza. Tryphena hakuridhika. Alimuuliza kama tope hilo lina chini au halina, linashika kama ugali au linateleza kama bamia, na mifereji ya maji mashambani ina upana gani. Reuben alijibu mengine na mengine hakuyajua. Basi Tryphena akasema hataliuza gari kwa maneno. Alimwambia Reuben apande, akamwamuru Obadiah alete pampu, akaendesha mwenyewe, magoti yakiuma, kutoka Kishushe mpaka Mahoo.

Walifika mchana. Alishuka, akavua viatu, akaingia katika tope la shamba la Reuben mpaka kwenye vifundo vya miguu, akakanyaga huku na huku, akainama akalichukua kidogo akalifinyanga kwa vidole. Mke wa Reuben alitoka jikoni akasimama mlangoni, akimtazama mama huyu mgeni.

"Haya haya yatatosha," alisema Tryphena, akionyesha matairi. "Msiyabadilishe."

Alinawa miguu, akala nao, akampa Reuben ufunguo. Yeye na Obadiah walirudi kwa basi, pampu chini ya kiti na mkungu wa ndizi umelala miguuni pao, wakibishana njia nzima kama dereva wa basi anajua kwamba tairi lake la nyuma kulia linataka upepo.